Kanga ya Beki

Winga alipoingia na mpira ndani ya kumi na nane, Pazi alihisi magoti yake yamefungwa kanga.

Kanga yenyewe haikuwepo. Ilikuwa ya mazoezini, maana kocha alichoshwa na mabeki wanaojirusha miguuni mwa watu kama waliotupwa na bodaboda. "Fungeni kanga magotini, ndipo mkabe," aliamuru. Ukijirusha, unakula mchanga peke yako. Ukienda kwa hatua fupifupi, unafika. Mashabiki wa pale mtaani, Kerege, walikuwa wakipita uwanjani na kumuuliza Pazi, "Mwali, unatolewa lini?"

Aliazima kanga ya mama yake, mpya ya Idd. Klabu ilishamwambia: akisababisha penalti nyingine, mkataba basi.

"Chukua, baba," mama alisema. "Bora ipasuke kanga kuliko wakuache."

Ikapasuka kweli.

Sasa winga akayumba kushoto, akarudi kulia. Pazi wa msimu uliopita angeshalala chini. Huyu alijongea kimwali, akangoja, na mpira ulipojitenga kidogo na mguu wa mpinzani, akauchomoa kwa ncha ya kiatu, taratibu, kama mtu anayetoa nzi kwenye chai.

Winga akajiangusha, akamtazama refa. Refa akamwambia ainuke.

Pazi akageukia jukwaani kumtafuta mama yake, walau ampungie mkono wa asante. Hakutafuta sana. Mama alikuwa amesimama, amejifunga kanga ileile, na mpasuko ameuweka mbele.