Ramani ya Nguchiro Kinyozi

Nguchiro kinyozi hakujua kutulia. Rafiki yake Kunguru aliruka juu, akahesabu wanyama, kisha akamchorea ramani mchangani ajue pa kuweka kiti.

"Kisimani wako thelathini," alisema Kunguru. Nguchiro akabeba kiti na kioo, akahamia kisimani. Kabla hajatundika kioo, Kunguru akarudi: "Kivukoni wako arobaini!" Akahamia kivukoni. Hadi adhuhuri hakuwa amenyoa hata kichwa kimoja, na nyumbani watoto hawajala.

"Sasa wapi, kaka?"

"Kisimani. Wamepanga foleni, wako sabini!"

Nguchiro akahamaki. "Kinyozi gani kafungua pale?"

"Hajafungua yeyote. Wanakuulizia wewe."

Nguchiro akanyanyua kiti, akakata njia ya vichakani mbio, huku foleni nzima ikishuka barabarani kumfuata kivukoni.