Kompyuta ya Dirishani

Kila Jumamosi Anastazia alifukuzwa dukani kwake mwenyewe, na aliyemfukuza hakusema neno. Mzee Ambakisye, baba mkwe wake, akishatia tu mguu mlangoni, yeye alichukua khanga na kutokea mlango wa nyuma. Kwao mzee, huko Ileje, mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hawasemeshani. Mjini wengi wameshaliacha hilo. Wao wawili hawakuliacha.

Tunduma ina maduka mengi ya intaneti, lakini mzee aling'ang'ania hili, na kompyuta ile ile ya dirishani. Alisema anasoma bei ya kahawa. Anastazia hakulalamika. Ndiyo kompyuta aliyokuwa akiipenda Osea, mumewe, kabla hajavuka kwenda Zambia kutafuta kazi ya migodini.

Osea hajarudi tangu Pasaka ya mwaka juzi. Simu yake ilizimika zamani. Walimwengu walishasema yote: kaoa huko Kitwe, kafukiwa na kifusi mgodini. Baba yake Anastazia alikuwa akimsihi arudi kwao Galula, aanze maisha upya, angali kijana. Kilichomzuia ni barua pepe za Jumamosi, kutoka anwani ya Osea. Zilikuwa fupi, kavu kidogo, lakini zilifika. Anayeandika yuko hai, alijiambia, na anayeandika kila wiki hajaoa kwingine.

Jumamosi hii barua haikufika. Alikaa uani na simu mkononi, akiifungua na kuifunga.

"Dada Ana." Alikuwa Ketrina, muuza vitenge wa kibarazani, ambaye ndiye aliyepeleka maneno kati ya wakwe hawa. "Mzee anasema ukurasa umegoma. Kila akibonyeza, unamletea kosa."

"Mwambie atoke kidogo niuangalie."

"Nimemwambia. Anasema utakaa sawa wenyewe."

"Wenyewe vipi? Kompyuta imejaa mabaki ya zamani. Nikiyafuta, anaendelea na kahawa yake."

Ketrina alikwenda, akakawia, akarudi. Mzee alikuwa amekubali kutoka. Alisimama ng'ambo ya barabara, kati ya malori mawili, kofia mkononi.

"Anasema ufute tu, usifungue kitu. Atafungua mwenyewe."

Nusura Anastazia acheke. Kahawa gani hiyo yenye siri? Aliketi kwenye kiti kilichokuwa bado na joto, akafuta kuki na kache, yale mabaki ya kurasa yanayojazana ndani mpaka mambo yakagoma. Kazi hiyo aliifanyia wateja kila siku. Na kila siku, kabla ya kumwachia mteja kiti, alijaribu kwanza kuona kama ukurasa umepona. Mkono ulishazoea. Akaufungua.

Ulikuwa ukurasa wa kuingilia barua pepe. Kisanduku cha anwani kilijijaza chenyewe, na cha neno la siri pia, maana vyote viwili vilikuwa vimehifadhiwa humo siku nyingi. Anastazia aliisoma anwani. Hakuhitaji kuirudia; alishaikariri.

Aliinua macho dirishani. Mzee alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa shati, anaivaa, anaivua tena.

Anastazia alibonyeza kuingia.

Barua zilizopokelewa zilikuwa zake zote, kila alichomwandikia mumewe tangu alipoondoka. Kwenye rasimu palikuwa na moja tu, ya asubuhi hii, ambayo mwandishi wake hakuwahi kuimaliza:

"Mke wangu Anastazia, usichoke kunisubiri. Mimi ni mzima, ila"