Zahanati ya Insha

Koinet alikuwa amefeli insha mbili, na sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukifeli ya tatu, unafunga sanduku unarudi kwenu. Kwao Kakesio, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, kulikuwa na darasa moja, ubao mmoja, na watoto waliokuwa wakimsubiri yeye awe mwalimu.

Ugonjwa wake ulijulikana. Aliandika kama mtu anayehutubia mkutano: maneno mengi, habari hakuna. "Wafugaji ni watu. Wafugaji hula chakula. Chakula ni muhimu." Mkufunzi alipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, akaandika chini: UTHIBITISHO UKO WAPI?

Akapelekwa kwenye Chumba cha Msaada wa Uandishi, ambacho wanafunzi walikiita zahanati. Zamani kilikuwa stoo ya majembe. Uongozi, kwa kujali elimu, uliondoa majembe ukaweka meza na Mwalimu Naftali.

Naftali alikuwa mtoto wa wakulima wa ngano wa Mbulumbulu. Hakuwahi kuvuka lango la hifadhi maishani mwake, jambo ambalo halikumzuia kuwajua wafugaji vizuri sana.

"Mwalimu, huyo mchome sindano!" Patrisi, jirani wa Koinet bwenini, alipaza sauti dirishani. "Vidonge vimeshindwa!"

"Toka hapo," Naftali alisema. Akamgeukia mgonjwa. "Mada?"

"Chakula cha wafugaji wa Ngorongoro, mwalimu."

"Umeandika nini?"

"Wanakunywa maziwa na kula nyama."

"Hiyo hata mtalii anaijua, naye amekaa siku mbili. Likizo iliyopita ulikula nini nyumbani?"

Koinet alifikiri. "Ugali."

Naftali aliweka kalamu chini taratibu. "Ugali! Unga ulitoka wapi?"

"Ulikuwepo tu."

"Unga hauwi upo tu, kijana. Ulinunuliwa Karatu?"

"Tuandike hivyo, mwalimu. Ulinunuliwa."

"Tuandike hivyo? Hapa si kilabuni. Ulinunuliwa au haukununuliwa?"

Koinet alitazama mlango. Naftali alikuwa na umri wa baba yake, na kwao mtu wa rika la baba ni baba. Humdanganyi mara mbili kwa kikao kimoja.

"Haukununuliwa. Mama ana mahindi."

"Shamba!" Naftali alisimama. Ilikuwa mwaka sabini na saba, na kule Mbulumbulu mtu asiye na ekari zake alipigwa faini na katibu kata mbele ya wakwe zake. "Wafugaji wanalima! Na hakuna hata msomi mmoja aliyeandika! Siasa ni kilimo, bwana!"

"Ni kidogo tu, mwalimu. Halionekani hata kutoka barabarani."

"Kwa nini?"

"Limezungushiwa miiba. Ukiwa mbali utadhani ni zizi la ndama."

"Andika hilo! Wanalima watu wangapi?"

"Sisi hatuhesabu watu, mwalimu. Ni mkosi."

"Usiwahesabu. Wataje."

Akawataja. Mama yake Namunyak, shangazi yake Nareyu, na bibi yake mzaa baba, asiyeona, kila mmoja na kishamba chake.

Naftali alikuwa na msimamo mkali: hakumwandikia mwanafunzi neno hata moja. Aliuliza tu. Korongo lipi? Mtu akitokea barabarani anapita wapi? Mti gani unakuwa kushoto? Kila Koinet alipofunga mdomo, Naftali alimkumbusha insha ya tatu.

"Wale watoto wenu wanasubiri mwalimu au wanasubiri mchungaji mwingine?"

"Mwalimu."

"Basi sema njia."

Koinet alisema njia. Kisha wakachora na ramani, kwa kuwa ramani huongeza alama.

Insha ilipata A. Mkufunzi alitumia wino mwekundu mara moja tu, kuandika: HATIMAYE.

Mkuu wa chuo alifurahi kiasi cha kuamuru isomwe ukumbini Siku ya Wageni, ili watu waone zahanati inatibu. Koinet alisema ana homa.

"Aibu ni ya waliofeli," Naftali alimwambia, akimfunga tai ya kuazima. "Soma kwa sauti. Usimeze majina."

Akasoma. Miiba, korongo, mti wa kushoto, mama, shangazi, bibi. Patrisi alipiga mluzi. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na aliyepiga kwa muda mrefu zaidi alikuwa mgeni rasmi, bwana mpole aliyevaa kaunda suti. Sherehe ilipoisha aliomba nakala, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Kisha akamshika Naftali mkono na kuutikisa.

"Hongera, mwalimu. Kijana mmemfundisha kusema kitu kikaeleweka."

"Tunajitahidi, mzee. Kilimo ndio uti wa mgongo."

"Huku kwenu, ndiyo," alisema mgeni rasmi. "Mimi kazi yangu ni kuhakikisha ndani ya hifadhi, ambako kulima ni marufuku, halilimwi hata shina moja. Askari wangu wamepita pale miaka miwili, wanarudi kuniambia wameona zizi la ndama."

Gharama yote ilikuwa hii: vishamba vitatu vya mahindi yaliyokaribia kuvunwa, vilivyofyekwa asubuhi moja; wanawake watatu mahabusu, mmoja wao kipofu; na mwalimu mmoja mwenye cheti, Koinet, ambaye kwa kuona aibu hakurudi tena Kakesio.