Somo la Kivukoni

Kila mwaka Kanali Mwakisu aliwafundisha makadeti yale mapigano ya kivukoni, na kila mwaka alimtaja "kamanda mmoja" aliyepuuza taarifa ya mpelelezi wake, akavusha kikosi mto ukiwa umejaa, wakafa askari thelathini na wanane. Hakuwahi kusema kwamba kamanda huyo alikuwa yeye.

Mwaka huu chuo kilimwalika mpelelezi mwenyewe, Koplo mstaafu Nandonde. Aliketi mstari wa mbele, kofia magotini.

"Mzee," kadeti mmoja akauliza, "ulipomwambia mto umejaa, alikujibuje?"

"Aliniuliza kama naogopa kulowa."

Darasa likacheka.

"Alikuwa nani huyo bwege?"

Kanali alikuwa amesimama kando ya ramani. Nandonde akamtazama kwa muda, bila chuki.

"Ni zamani mno, mwanangu. Jina limenitoka."

Huruma ile ilimchoma Kanali kuliko tusi.

"Halijamtoka," alisema. "Andikeni."

Akageukia ubao, akaanza kuandika jina lake mwenyewe. Nyuma yake kalamu zilikwaruza karatasi, kisha moja baada ya nyingine zikanyamaza.