Daraja B

Sikudhani alikuwa akipekua mifuko ya suruali ya mumewe, Chande, kabla ya kuiloweka, akakuta leseni yake ya udereva. Akaipeleka kwa jirani yao, Mwalimu Ligola, aliyefundisha udereva.

"Hii ni daraja B, shemeji," Ligola alisema. "Gari dogo tu. Lori lina daraja lake, na hapa halipo."

Kwa miaka sita Chande alikuwa akiaga kila Jumatatu kwamba anapeleka lori mpakani, anarudi Alhamisi.

Alipoamka usingizi wa mchana, aliikuta leseni mezani na mkewe ameketi mbele yake.

"Siku zote hizo unalala wapi, baba Rehani?"

Chande alicheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Lorini, mke wangu. Ila siendeshi. Mimi ni utingo, nafunga turubai. Niliona aibu. Kwenu walijua wanamwoza binti yao kwa dereva."

Maneno yalimwingia Sikudhani vizuri, na alitamani yaishie hapo. Lakini kaka yake aliwahi kuwa utingo mwaka mmoja tu, na kamba za turubai zilimwacha na viganja kama gome la mti. Vya Chande alivijua, na hakuwahi kujiuliza kwa nini ni laini.

"Nionyeshe alama za kamba," akasema.

Chande akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akaiweka yote miwili mezani, polepole, ngumi zimefumbwa.