Sweta la Mtoto wa Pimbi

Nondo, yule kipepeo wa usiku, ndiye aliyemwambia Pimbi kwanza jinsi ya kutunza sweta la sufu, lile moja tu alilomfumia mwanawe. Kipupwe kilikuwa kimekwisha, na sweta lilinuka jasho.

"Usilifue, shoga, litasinyaa limbane mtoto," alisema Nondo kwa upole. "Likunje hivyo hivyo, ulitie sandukuni. Na usilifungue mpaka baridi irudi."

Pimbi alikuwa na haya, hakuzoea kubishana. Akalikunja, akafunga sanduku. Lakini moyo haukumtulia. Je, kama panya wameingia? Je, kama limeota ukungu, mtoto atavaa nini? Asubuhi akalitoa, akalikung'uta juani, akalirudisha. Jioni akalikung'uta tena. Majirani wakamcheka, wakamwita Mama Kung'uta. Aliona aibu, ila mikono haikukoma.

Siku ya tano Nondo akaja mbio, akipigapiga mbawa.

"We Pimbi, huna akili? Si nilikwambia usilifungue? Kila nikitaga, wewe unamwaga! Wanangu watakula nini?"

Pimbi akalitazama sweta, kisha akamtazama Nondo.

"Kumbe, shoga," akasema taratibu, "sweta la mwanangu ndilo uji wa wanao."

Kesho yake asubuhi akalifua kwa maji baridi, akalikamua bila kulisokota, akalitandaza kivulini juu ya jiwe, akakaa kando yake. Lilipokauka, akalikung'uta.