Shahidi wa Boke

Tangu walipomaliza matanga ya Ghati, Nashoni aliacha kumwamkia Boke.

Kabla ya hapo, japo alimzidi umri, hakukosa kusema kila asubuhi: "Shikamoo, mama mdogo." Ilikuwa haki ya Boke. Ghati, mjane asiye na mtoto wa kiume, alimwoa kwa nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke, kama mila ya Wakurya inavyoruhusu. Ng'ombe kumi walitoka kwa Ghati, Nyamwaga, wakapelekwa kwa baba yake Boke kule Natta, watu wakishuhudia. Boke alizaa watoto watatu wa nyumba ile, kwa mwanamume waliyemchagua kama mila inavyotaka, na Ghati alipopooza, ni Boke aliyemlisha uji na kumgeuza kitandani.

Sasa Nashoni, mtoto wa shemeji yake Ghati, alilitaka shamba, nyumba na migomba yote. Eti Boke alikuwa mfanyakazi tu!

"Sheria haina ndoa ya wanawake wawili," hakimu alimwambia Boke waziwazi kesi ilipofika mahakamani. "Mila yenu nitaisikiliza, ila mila haina cheti. Nani alipokea mahari?"

"Baba yangu, mheshimiwa. Atakuja."

Na Mzee Ezra alikuja kweli. Boke alipomwona akishuka kwenye bodaboda nje ya mahakama, nusura alie. Mzee wa miaka sabini, kutoka Natta kote kule, kwa ajili yake! Koti jipya, viatu vipya. Viatu vilikuwa na kinyesi kibichi cha ng'ombe, jambo lililomshangaza kidogo Boke, maana zizi la baba yake lilikuwa tupu tangu wezi wa mifugo walipolipitia mwaka juzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nguo zako umefunga?"

"Za nini, baba? Leo si tunashinda?"

"Ee. Wewe nyamaza tu. Niachie mimi."

Boke akacheka. Baba yake alikuwa mwoga siku zote.

Ndani, mzee akaapa, akakohoa. "Ng'ombe nilipokea."

Boke akafumba macho, akamshukuru Mungu.

"Lakini hawakuwa wa mahari. Ghati alinisaidia tu, mwaka ule wa njaa, na binti yangu akaenda kumfanyia kazi. Mimi sijawahi kumwoza mtoto wangu kwa mwanamke mwenzake."

"Baba!" Boke akasimama. "Si wewe uliyenishika mkono ukanikabidhi kwake?"

Mzee Ezra akaangalia viatu vyake.

Hakimu hakuchukua muda. Boke hakuwa mke wa nyumba ile, watoto wake hawakuwa warithi, wala yeye hakuwa na undugu wowote na Nashoni. Mali yote ikarudi kwa ukoo, mikononi mwa Nashoni.

Nje, Boke akakaa kwenye nyasi. Miaka kumi na mbili imefutwa, na aliyeifuta ni baba yake mzazi. Alitaka kumwuliza kitu kimoja tu: kwa nini?

Nashoni akatoka, akampita bila neno. Akaenda kusimama mbele ya Mzee Ezra, akavua kofia na kuinama, kwa heshima ile ile aliyomnyima Boke tangu matanga.

"Shikamoo, baba mkwe."